Unga unaong'aa hauthibitishi zebaki kwenye kisima

Tangu Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi wapewe Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2025 kwa kazi yao ya kubuni MOF, wananchi wa maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wanatuuliza sisi wa maabara: je, unga wa MOF unaweza kuonyesha kama kisima kina zebaki? Unaweza kutoa dalili. Uthibitisho ni kazi ya maabara.

MOF ni vifundo vya metali vilivyounganishwa na molekuli za kaboni, vikaacha vitundu visivyoonekana kwa macho. Baadhi yake hung'aa chini ya taa ya urujuanimno. Unga wenye metali ya yuropia hung'aa rangi nyekundu. Ioni za zebaki zikinaswa na salfa iliyopandikizwa ndani ya vitundu hivyo, mng'ao hufifia. Lakini chuma na shaba navyo huweza kuufifisha, na visima vingi vina chuma. Unga ukiendelea kung'aa, hicho nacho si kibali cha kunywa: kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa zebaki ni mikrogramu 6 tu kwa lita, kiasi kidogo ambacho unga huenda usikionyeshe.

Tunarudia tena, msilete maji kwenye chupa za soda! Zebaki hunata kwenye plastiki na nyingine hupotea hewani, kipimo kikasoma pungufu. Chukua chupa ya kioo maabara. Usiisuuze, kwani asidi ya nitriki iliyomo ndiyo inayohifadhi sampuli, nayo huunguza, kwa hiyo vaa glavu. Usiijaze ikafurika. Andika chanzo, tarehe na saa, iweke kwenye boksi la barafu, uiwahishe. Zebaki hupimwa ndani ya siku 28. Mchotaji na mpokeaji wote wasaini fomu.

Wapo bado wanaoamini kuchemsha maji kunatosha kuondoa metali. Metali kama risasi na kadimi hazichemki zikaisha. Maji ndiyo yanayopungua. Klorini nayo huua vijidudu, haiondoi metali.

Kwa wenye mialo (sehemu za kuchenjulia dhahabu) nchini Tanzania: biashara ya zebaki bila usajili ni kosa chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani, Sura ya 182. Kuchenjulia dhahabu ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani kunagusa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Leseni ya uchimbaji haikuondolei wajibu huo.

Unga ukififia, msisubiri majibu yetu. Wajawazito na watoto wahamie chanzo kingine siku hiyo hiyo.