Mbona mnafiki naye anapata thawabu? Kitenzi cha risiti katika Mathayo 6

Kila Jumatano ya Majivu, Wakatoliki husomewa Mathayo sura ya 6. Katika Biblia ya Union maneno yenyewe ni haya: "Basi wewe utoapo sadaka, usipige panda mbele yako, kama wanafiki wafanyavyo katika masinagogi na njiani, ili watukuzwe na watu. Amin, nawaambia, Wamekwisha kupata thawabu yao." (Utotoni panda niliyoijua ni ile ya manati, nikawa naona mnafiki anawapopoa watu kwa mawe akielekea sinagogi. Panda hii ni baragumu.)

Sentensi hiyo ya mwisho inarudi mara tatu: kwa wanaojionyesha wakitoa sadaka, wakisali, na wakifunga. Na inatatiza. Ungetarajia Yesu aseme kwamba hawatapata kitu. Badala yake anasema wameshapata. Mnafiki na thawabu wapi na wapi?

Jibu limo kwenye kitenzi. Kwa Kigiriki ni ἀπέχω, kinatamkwa apekho. Kimeundwa na ekho, "kuwa na", kikatanguliwa na apo, "kutoka kwa". Ukikifungua vipande namna hiyo hakikuambii mengi. Siri yake ilikuwa mchangani, Misri.

Kule hakunyeshi, na kilichofukiwa hukaa. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19, wachimbaji walikuwa wanatoa ardhini karatasi za mafunjo na vigae vya vyungu vilivyoandikwa Kigiriki kwa wino. Si vitabu vya wanafalsafa, bali barua za watu wa kawaida, mikataba, na risiti za kodi kwa wingi. Kigae kilikuwa karatasi ya bure: chungu kimevunjika, unaokota kipande, unaandika. Mwaka 1899 Mjerumani Ulrich Wilcken alichapisha mkusanyiko mkubwa wa vigae hivyo, na mwaka 1908 mwenzake Adolf Deissmann akawaonyesha wasomaji wa Agano Jipya kilichomo.

Chukua kimoja tu, kilichotoka Thebes. Mtu aitwaye Pamaris, mwana wa Hermodoro, anamwandikia Abos kwamba amepokea kwake kodi ya wageni ya mwezi wa Thoti na Faofi, drakma 2. Mwaka ni wa 19 wa Kaisari Tiberio, yaani 32 kwenda 33, siku zilezile ambazo injili zinazisimulia. Neno analolitumia Pamaris kusema amepokea ni hilohilo apekho. Ndilo lililokuwa likiandikwa kwenye risiti: nimepokea yote, sikudai.

Sasa mfikirie mwenye nyumba wako. Unamlipa kodi ya miezi mitatu, anatoa kitabu chake, anaweka karatasi ya kaboni, anaandika, anatia sahihi, anakuchania nakala yako. Wiki ijayo akigonga mlango kudai miezi ileile, huna haja ya kugombana naye. Unamwonyesha karatasi.

Hivyo ndivyo sentensi ya Mathayo ilivyosikika masikioni mwa watu waliokatiwa risiti za namna hiyo. Mnafiki alitaka asifiwe, na amesifiwa. Amelipwa taslimu, papo hapo sokoni, na sahihi ameshaweka. Hakudhulumiwa hata senti. Ila akifika kwa Mungu na kuidai sadaka ileile, risiti iko mezani kwa mkono wake mwenyewe.

Hapa neno letu "thawabu" linatuficha kidogo, ingawa ni zuri. Mswahili akisikia thawabu anawaza akhera. Kigiriki kina misthos, mshahara wa kibarua, neno lilelile ambalo Union wenyewe wameliita "ujira" kwenye Mathayo 20, mwenye shamba anapowalipa vibarua jioni. Na kile kinachofuata, "Baba yako aonaye sirini atakujazi", nacho ni kitenzi cha kulipa deni. Upande mmoja umeshalipwa, upande mwingine malipo bado. Kwa upande mwingine, "wamekwisha kupata" ni tafsiri ninayoivulia kofia: hiyo "kwisha" inafunga hesabu kabisa, na Kiswahili kilikuwa nayo tayari.

Paulo analijua neno hili na analichezea. Kanisa la Filipi lilimtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito, naye kwenye Wafilipi 4:18 anajibu apekho panta. Union wameandika "nina vitu vyote", lakini mistari ya jirani inazungumzia "kutoa na kupokea" na "hesabu yenu", lugha tupu ya daftari la mfanyabiashara. Mimi nasoma hapo risiti iliyoandikwa kwa tabasamu: nimepokea vyote, na vimezidi.

Si kila mahali ni risiti, lakini. Kitenzi hikihiki kikipimia umbali kinamaanisha kuwa mbali: mioyo yao "iko mbali nami", na mwana mpotevu "alipokuwa angali mbali" baba yake akamwona. Kikigeuzwa umbo kinakuwa kujiepusha, kama Paulo anapowataka Wathesalonike waepukane na uasherati. Muktadha ndio unaoamua, kama vile panda yangu na panda ya Mathayo.

Mahali pagumu ni Marko 14:41. Gethsemane, usiku, wanafunzi wamelala kwa mara ya tatu. Yesu anasema neno moja, apekhei, kisha "saa imekuja". Yeronimo alilitafsiri kwa Kilatini "yatosha", na Union wameandika vivyo hivyo. Lakini wapo waliouliza: kama kwenye vigae neno hili ni la mtu aliyepokea fedha yake yote, je, Yesu hakuwa anamtazama Yuda akija gizani na kusema, "Ameshalipwa"? Marko mwenyewe amesema wakuu wa makuhani waliahidi kumpa fedha. Wengi hawaikubali tafsiri hiyo, na sentensi yenyewe ni fupi mno kuamua ugomvi.