Homa ya jioni isiyokwisha: kinga inapomgeukia mtoto

Mtoto anachemka jioni, asubuhi joto limeshuka kabisa, kesho yake saa zilezile anachemka tena. Kipimo cha malaria ni hasi. Amepewa dawa ya taifodi, kisha ya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), na sasa ni wiki ya tatu. Mzazi, tazama asubuhi: anaamka amekakamaa, anachechemea? Homa ikipanda, ana vipele vinavyotoweka joto likishuka? Kwenye ngozi nyeusi huonekana kwa shida, mvue nguo umwangalie kwenye mwanga.

Huenda ni baridi yabisi ya watoto, aina inayoshika mwili mzima. Daktari Mwingereza George Frederic Still aliieleza mwaka 1897. Hailetwi na baridi ya Juni hapa Dodoma, wala kurogwa.

Kinga yetu ina walinzi wa zamu ya kwanza, chembe ziitwazo makrofaji, ambazo hupiga kengele kijidudu kikiingia. Kwa mtoto huyu kengele inalia bila adui. Kemikali za intaleukini 1, 6 na 18 zinamwagika kwenye damu: zinapandisha homa, zinavimbisha viungo, zinadumaza ukuaji. Intaleukini 6 pia huufanya mwili ufungie madini ya chuma ghalani, ndiyo maana damu hupungua na vidonge vya kuongeza damu peke yake havimsaidii sana. Kingamwili zinazotafutwa kwenye kipimo cha baridi yabisi cha watu wazima kwa kawaida hazipo. Kwa hiyo jibu hasi la kipimo hicho lisimrudishe mtoto nyumbani.

Hospitalini, kwanza tunahakikisha si magonjwa mengine yanayofanana nao. Kwa wafugaji wa Kongwa na Mpwapwa tunauliza kuhusu maziwa mabichi, kwa sababu brusela, ugonjwa utokao kwa mifugo, nayo huleta homa na maumivu ya viungo. Tunapima selimundu, kifua kikuu na saratani ya damu. Nawasihi sana: msimpe prednisoloni, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ya duka la dawa kabla ya vipimo. Atapata nafuu ya haraka, na saratani ya damu ikiwepo itajificha.

Ugonjwa una tiba, ikiwemo methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, ambayo hunywewa mara moja kwa wiki, si kila siku.

Mtoto aliyekwisha kugundulika akianza kuwa na homa isiyoshuka kutwa nzima, akatokwa damu puani au kwenye fizi, au akasinzia kupita kiasi, huenda makrofaji zimepita mpaka na zinashambulia hata chembe za damu. Usisubiri tarehe ya kliniki. Mlete hospitali saa hiyohiyo.