Unga wa Nobel si mwarobaini

Mwalimu mkuu mmoja aliniletea maabara maji ya kisima cha shule yake ndani ya chupa ya soda. Nilipofungua kifuniko, harufu ya machungwa ilinipiga puani. "Daktari, nitilie ule unga wa Nobel. Nasikia unasafisha kila kitu." Alikuwa mtu wa nne mwezi huo kuniambia hivyo, na huyu ndiye aliyenifanya niandike.

Ni kweli Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi walipewa Nobel ya kemia mwaka 2025 kwa kazi yao ya MOF, yaani fuwele zenye matundu madogo mno, zilizojengwa kwa metali na molekuli za kaboni (si ile mofu ya walimu wa sarufi). Lakini tangu hapo, huku Kasese, magharibi mwa Uganda, watu wameigeuza mwarobaini.

MOF hushika kile ilichoundiwa kushika, basi. Chukua aina moja, UiO-66 ya watafiti wa Oslo, iliyotangazwa mwaka 2008. Ina metali iitwayo zirkoniamu, na floraidi, ile ya majini inayoharibu meno ikizidi, hupenda kujibanza kwenye zirkoniamu na kuifukuza haidroksili (jozi ya oksijeni na haidrojeni) iliyokuwepo. Ukitaka kunasa zebaki, tafuta MOF iliyopachikwa salfa, maana salfa na zebaki ni chanda na pete. Ile ya zebaki ukiitia kwenye maji ya floraidi, floraidi itapita mbele yako bila hata hodi. Na anayechota karibu na mto Nyamwamba, ambako kila mafuriko hung'oa mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe, ana shida ya shaba na kobalti, habari nyingine kabisa. Kwa hiyo mtu akiniuliza "unga gani?" namuuliza "kuna nini ndani?" na hapo wengi hunikasirikia.

Vijidudu je? Matundu ya UiO-66 milango yake haifiki nanometa 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. E. coli, bakteria wa kinyesi, mmoja ana urefu wa nanometa 2,000 hivi. Haingii hata kucha. Maji yenye kinyesi yachemshe, na huo unga uache dukani. Ila usinigeuzie maneno ukasema basi kuchemsha kunatosha: floraidi haiondoki na mvuke. Chemsha lita 2 zenye floraidi mpaka ibaki lita 1, umejipikia floraidi maradufu.

Halafu kuna hesabu ya uwanja wa mpira. Wamesikia kwamba gramu moja ya MOF ina eneo la ndani linaloweza kufikia uwanja mzima, wakaamua kijiko kimoja kinatosha kijiji. Haya, tuhesabu pamoja. Kisima kina floraidi miligramu 3 kwa lita, na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi 1.5. Tuseme unataka ibaki 1. Jerikeni ya lita 20 inakudai uondoe miligramu 40. Tuseme tena kwamba gramu moja ya unga wako inabeba miligramu 40, kiasi kizuri sana, cha maji yaliyotengenezwa maabara. Gramu moja, jerikeni moja. Shule inayotumia jerikeni 30 kwa siku itakula gramu 30 kila siku. Na maji ya kweli yana baikaboneti na fosfeti zinazogombania viti vilevile, kwa hiyo ongeza.

Mengine nitayapitia mbiombio.

Eti MOF ina metali, kwa hiyo ni sumu. Inategemea ni ipi. MOF-5 yenye zinki huvunjika hata kwa unyevu wa hewa, na HKUST-1 yenye shaba haivumilii maji kwa muda mrefu. Za zirkoniamu ni ngumu zaidi. Muuzaji asiyejua jina la MOF anayokuuzia, mrudishie kifurushi chake.

Eti ukinunua umemaliza. Matundu hujaa. Kuna zinazooshwa kwa alkali na kutumika tena, lakini maji hayo ya kuoshea yamebeba floraidi yote uliyoinasa. Utayamwaga wapi, kwenye migomba?

Eti kipimo cha MOF kikizima mwanga wake, sumu imeonekana. Zipo MOF zinazong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno na kufifia zikikutana na kitu fulani. Tatizo ni kwamba chuma cha kutu huzima nyingi kati ya hizo. Visima vyetu vya pampu vya zamani vina mabomba ya mabati yaliyooza; chai inatoka nyeusi, shuka nyeupe zinageuka rangi ya matofali. Hapo kipimo kitazima kwa sababu ya kutu, nawe utapiga mayowe kwamba maji yana metali ya risasi au aseniki. Leta maabara tuthibitishe.

Na ukileta, nakuomba sana, usilete kwenye chupa ya soda. Kwa metali na floraidi, chupa safi ya plastiki, isuuze mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe, andika mahali na saa. Kwa vijidudu, njoo uchukue chupa yetu iliyotakaswa, na uirudishe siku hiyohiyo ikiwa kwenye barafu.

Mwalimu alirudi Alhamisi na chupa mbili, safari hii sawasawa. Floraidi miligramu 0.4 kwa lita. E. coli wa kumwaga. Choo cha wanafunzi, aliniambia nilipomuuliza, kiko hatua 15 kutoka kisimani, upande wa juu.

"Sawa, daktari," akasema. "Na ule unga ni shilingi ngapi?"