Umri wa baba na kasoro za kuzaliwa

"Ng'ombe hazeeki maini," hujitapa wazee wanaooa tena wakiwa na mvi. Kwa upande wa kupata mtoto hawajakosea sana, maana wapo wanaozaa hata wakiwa na miaka 65. Ila mbegu za umri huo si zile za ujanani, na tofauti hiyo inapomfikia mtoto ndipo wataalamu huzungumzia athari ya umri wa baba.

Mwanamke huzaliwa na akiba yake yote ya mayai. Mwanamume hutengeneza mbegu mpya tangu balehe, na seli zinazozizalisha hujigawa takriban mara 23 kwa mwaka. Kila zinapojigawa, DNA yote, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli, hunakiliwa upya, na mnakili hata awe makini vipi, kuna herufi itakayomponyoka. Mwaka 2012 watafiti wa Iceland waliyahesabu makosa hayo: baba wa miaka 20 humwachia mtoto mabadiliko mapya kama 25, wa miaka 40 kama 65. Katika hesabu hiyo mama alichangia kama 15.

Mengi hayadhuru. Yanayodhuru mfano wake mkongwe ni akondroplasia, ufupi wa kimaumbile unaofupisha mikono na miguu. Mwaka 1912 daktari Mjerumani Wilhelm Weinberg aliona kwamba wengi wenye hali hiyo ni vitinda mimba. Mwaka 1955 Lionel Penrose wa Uingereza akaonyesha kuwa kinachohusika ni umri wa baba. Chanzo ni herufi moja tu katika jeni ya FGFR3. Cha ajabu, seli ya korodani yenye kosa hilo huzaana kuliko jirani zake, kwa hiyo kadiri miaka inavyosonga ndivyo mbegu zenye kosa zinavyoongezeka.

Na bado mtoto akizaliwa hivyo, anayehojiwa ni mama: ulikula nini, ulimeza dawa gani? Umri wa mama una uzito mkubwa kwenye matatizo mengine, hasa ugonjwa wa Down. Kwenye akondroplasia, kama 80% ya watoto huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida, na kosa jipya karibu kila mara limetoka kwa baba.

Hata hivyo, hali hii humpata takriban mtoto 1 kati ya 25,000. Hatari ikizidi mara kadhaa kwa baba mzee, bado ni ndogo. Wenye wasiwasi wajue pia kwamba ufupi wa mfupa wa paja kwa kawaida hauonekani kwenye ultrasaundi kabla ya wiki ya 24 hivi, hivyo kipimo safi cha miezi minne hakitoshi kuiondoa hofu hiyo.