Mifereji ya freti kwenye gitaa la kujitengenezea

Freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatisha shingo ya gitaa. Kwa juu unaona kichwa cha mviringo tu, lakini chini yake kuna ulimi mwembamba wenye vimeno ubavuni, na huo ndio unaozama kwenye ubao unaobandikwa juu ya shingo. Mfereji wa freti ni mkato wa msumeno unaoupokea ulimi huo.

Kwa anayejitengenezea gitaa, hii ndiyo kazi isiyosamehe. Sanduku likiwa la mbao hafifu, au hata la debe, gitaa litakuwa na sauti yake na litapigika. Mifereji ikikaa vibaya hakuna kukaza nyuzi kutakakoliokoa: utatyuni mpaka kodi ya C (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) itulie, kisha kodi ya E iwe ovyo.

Hesabu huanzia kwenye urefu wa uzi unaotikisika, kutoka kizingiti cha upande wa vifungo vya kukazia nyuzi hadi daraja lililo kwenye sanduku. Kwa gitaa la klasiki urefu huo kwa kawaida ni milimita 650. Oktava, yaani umbali kutoka noti moja hadi noti ya jina lilelile iliyo juu yake, hugawanywa katika nusu toni 12 zinazolingana sikioni, lakini kwenye rula hazilingani, maana kila hatua hufupisha uzi kwa sehemu ileile ya urefu uliobaki. Gawanya 650 kwa 17.817, namba inayotokana na mgawanyo huo wa 12, unapata 36.48: hapo ndipo freti ya kwanza. Urefu uliobaki, 613.52, ugawanye tena, unapata 34.43, na kuendelea hivyo. Freti ya 12 lazima iangukie katikati kabisa, milimita 325.

Zamani mafundi waligawanya kwa 18. Vincenzo Galilei, baba wa mwanafalaki Galileo, aliiandika kanuni hiyo mwaka 1581. Ni rahisi kichwani, ila kwa uzi wa 650 freti ya 12 inaishia kwenye 322.6, yaani zaidi ya milimita mbili kabla ya katikati. Leo kila simu ina kikokotoo, kwa hiyo sioni sababu ya kuing'ang'ania.

Ukishapata namba, zijumlishe ili kila freti ipimwe kutoka kwenye kizingiti, wala si kutoka kwa jirani yake. Ukipima kwa kurukia, kosa dogo la kila hatua linabebwa na freti zote zinazofuata. Weka alama kwa kisu chenye ncha kali. Mstari wa penseli una unene wake, tena kovu la kisu huupa msumeno pa kuanzia.

Kata mifereji ubao ukiwa bado bapa, kingo zake zikiwa sambamba, kabla ya kuubandika kwenye shingo. Ukishauchonga uwe mwembamba upande mmoja, skwea itaegemea ukingo ulioinama na mifereji yote itakwenda mshazari. Funga kwa klampu kipande cha mbao kilichonyooka kando ya alama, msumeno uteleze ukikiegemea.

Msumeno wa kawaida wa seremala ni mnene mno. Ulimi wa freti nyingi ni kama nusu milimita, na misumeno ya kazi hii hukata takriban milimita 0.58. Mfereji ukiwa mpana, freti inalegea na ncha zake zinainuka. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, kila freti unayogongea inausukuma ubao, na zikifika ishirini shingo nzima inapinda kurudi nyuma. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mti uleule: mpingo ni mgumu na hula meno ya msumeno haraka, mninga ni mpole zaidi.

Kina kizidi ulimi kidogo tu, kwani mfereji mrefu kwenda chini unaidhoofisha shingo. Kama unaupa ubao mbinuko kwa msasa baada ya kukata, mifereji itapungua kina pembeni. Ipitie tena kwa msumeno uleule kabla ya kugongea freti ya kwanza.