Anodi ya silikoni: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kwenye anodi, yaani upande hasi wa betri ya lithiamu, silikoni hubeba lithiamu mara kumi ya kinywe (grafiti), basi betri nayo itakaa na chaji mara kumi.

Kwa unga wenyewe, ni karibu kweli. Gramu ya kinywe hubeba hadi mAh 372 (milliampia-saa, kipimo cha chaji). Ya silikoni takriban 3,579. Ila lithiamu yote hiyo inatoka kathodi, yaani upande chanya, na kathodi ya nikeli, manganisi na kobalti hutoa kama mAh 180 tu kwa gramu. Ukipima unga wa pande zote mbili pamoja, betri ya kinywe inapata mAh 121 kwa gramu, ya silikoni tupu 171. Nyongeza ni asilimia 41, na hapo hujapima karatasi ya shaba inayobeba unga wa anodi, elektroliti (majimaji yanayopitisha lithiamu) wala kasha. Ndiyo maana kuboresha anodi peke yake hakufiki mbali.

Dhana: Silikoni inapasuka, kwa hiyo isagwe hadi chembe ndogo mno za nanomita na tatizo limekwisha.

Hiyo ni nusu ya dawa. Silikoni ikijaa lithiamu, ujazo wake hufika karibu mara nne. Kinywe huvimba asilimia 10 hivi. Chembe zilizo chini ya nanomita 150 hivi huvimba bila kupasuka, lakini utando unaojengwa na elektroliti juu yake huchanika kila chaji. Utando mpya unapojijenga, hula lithiamu ambayo hairudi tena. Ukizidi kusaga, uso unaongezeka, na hasara pia. Angalia chaji ya kwanza: kinywe hurudisha asilimia 90 au zaidi ya lithiamu, ilhali oksidi ya silikoni (nayo hutumika kwenye anodi) isiyotibiwa mara nyingi haifiki 80.

Kinachosaidia ni kuchanganya silikoni kidogo, tuseme asilimia 5 hadi 10, ndani ya kinywe, na kuipaka kaboni. Gundi inayoshikilia unga nayo isidharauliwe. PVDF, gundi ya plastiki, hushika silikoni kwa ulegevu, na baada ya kuvimba na kusinyaa mara chache unga hubanduka kwenye shaba. CMC (gundi ya selulosi) au asidi ya poliakriliki, zinazoyeyuka katika maji, hujifunga kikemia na uso wa silikoni.

Dhana: Kinywe cha Mahenge, Tanzania, kikichimbwa kiko tayari kwa betri.

Bado sana. Kinatakiwa kisafishwe hadi asilimia 99.95, chembe ziviringishwe hadi mikroni 10–20, kisha zipakwe kaboni. Katika kuviringisha, mara nyingi nusu ya unga au zaidi hubaki vumbi lisilofaa anodi. Anayepanga kiwanda atafute mnunuzi wa vumbi hilo mapema, kwa mfano viwanda vya chuma.