Funika kombe haitoi kitabu: dhana za waandishi wa Kikristo zinazonichosha

Nahariri miswada ya vitabu vya Kikristo hapa Mwanza. Wateja wangu ni wachungaji wa Buzuruga na Igoma, makatekista kutoka Sengerema, akina mama wa maombi wa Nyamanoro, walimu wa kwaya, na mara mojamoja mstaafu wa Ukerewe aliyeandika maisha yake yote kwenye kaunta buku kwa kalamu ya bluu. Nawapenda karibu wote. Ila juzi nimepokea tena muswada wenye sentensi ileile niliyoichoka, nikaona bora niandike mara moja, mtu akija nimpe hii asome kwanza ndipo tukae.

Sentensi yenyewe: "Ndipo nikapita kwenye mapito makubwa, lakini Bwana akanishindia."

Mapito gani? Hasemi. Ukurasa unaofuata tayari ni shukrani.

"Mambo ya aibu yakisemwa wazi, anayetukuzwa ni shetani"

Hii ndiyo sugu kuliko zote, kwa hiyo hapa nitakaa.

Namuuliza mwandishi: Mama Mchungaji, hapa umeandika "adui aliinuka juu ya ndoa yangu". Kilitokea nini? Anageuka kuangalia kama mlango umefungwa, halafu anasimulia jambo ambalo hakuna msomaji angeliacha katikati. Mkopo wa SACCOS uliochukuliwa kwa siri kwa dhamana ya nyumba. Watoto kurudishwa nyumbani kwa ada. Usiku aliolala kwenye benchi la hospitali ya Bugando akimuuguza mwanamume yuleyule aliyemtelekeza. Nikimuuliza mbona haya hayamo kwenye kitabu, jibu nalijua kabla hajafungua mdomo: "Mwalimu, hayo si ya kuandika. Funika kombe mwanaharamu apite."

Kombe likifunikwa mwanaharamu anapita kweli. Na msomaji naye anapita.

Maneno kama mapito, jaribu, jangwa na adui yanafanya kazi vizuri sana ibadani, kwa sababu walioko ibadani wanakujua. Ukisema "nimetoka jangwani," mama wa benchi la tatu anajua ni kesi ya kiwanja, mzee wa kanisa anajua ni mtoto aliyefungwa, na kila mmoja anajijazia. Anayenunua kitabu chako stendi ya Geita hana cha kujazia. Mbaya zaidi, yule hasa unayemwandikia, dada mwenye mkopo ambao mume haujui, atasoma "mapito" na asijikute humo. Atafunga kitabu akiamini kwamba wewe, mtumishi wa Mungu, hujawahi kudaiwa.

Nitoe mfano mmoja, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mzee wa kanisa, mvuvi wa dagaa wa zamani, aliniletea sura iliyoanza hivi: "Ibilisi alishambulia kazi ya mikono yetu tukabaki watupu." Nikamuuliza mambo matatu tu: kiliondoka nini, lini, na nani aliondoka nacho. Alikaa kimya kidogo, akavua kofia. Sura ile sasa inaanza hivi: "Ilikuwa giza la mwezi, wakati wa dagaa. Tulipofika kwenye mtumbwi tukakuta karabai zimeondolewa na injini haipo. Aliyeiuza injini alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, mwimba sauti ya tatu kwenye kwaya yetu." Ibilisi bado yumo, hakufukuzwa, anaingia ukurasa wa pili. Lakini msomaji ameshaiona nafasi tupu ya injini, na ameshajua kwamba Jumapili mzee huyu atakaa kanisani akimsikiliza mwizi wake akiimba. Hapo hata akimnukuu Ayubu, tutamsikiliza.

Wanaoniambia uwazi huu si wa kiroho, nawaomba wafungue Biblia zao wenyewe. Aliyeandika 2 Samweli sura ya 11 hakusema "mfalme Daudi alipita kwenye jaribu". Alitaja dari, mwanamke aoga, mimba, na barua ya kumuua Uria iliyobebwa na Uria mwenyewe. Mathayo alipofika kwa Sulemani katika ukoo wa Yesu angeweza kupita harakaharaka. Akaandika kwamba mama yake alikuwa mke wa Uria. Petro kumkana Bwana kumo katika Injili zote 4, ingawa Petro alikuja kuwa nguzo ya kanisa. Zaburi ya 88 inalia mwanzo hadi mwisho na inaishia gizani, wala hakuna aliyeiongezea "lakini Bwana akanishindia" ili ipendeze. Na Yohana 21: angeweza kuandika "samaki wengi mno, haleluya". Kaandika 153. Mtu yeyote aliyewahi kusimama soko la samaki la Mwaloni Kirumba alfajiri haulizi kwa nini. Waliovuta wavu ule walihesabu.

Nje ya Biblia, mkumbuke Augustino. Chuo kikuu chenye jina lake kiko Malimbe hapa, wanafunzi wake wanapanda daladala mbele ya ofisi yangu. Aliandika maungamo yake kati ya mwaka 397 na 400 hivi, akiwa tayari askofu wa Hippo, na humo anasema aliiba mapeari usiku na wenzake si kwa njaa bali kwa utamu wa kuiba, na kwamba aliishi miaka mingi na mwanamke bila ndoa akazaa naye mtoto, Adeodato. Fikirieni baba askofu wa leo akileta muswada huo. Kamati ya uchapishaji ingeitisha kikao cha dharura.

Na kama Hippo ni mbali, Ukerewe ni safari ya kivuko. Aniceti Kitereza, Mkatoliki aliyesomeshwa na mapadre, alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe kuhusu mume na mke waliokosa mtoto. Humo mna masimango ya ndugu, wakwe wanaomchukua binti yao, pombe ya ndizi ya kumkomboa mke, mganga na dawa zake. Hakufunika kombe, wala hakusimama kila sura kuhubiri. Muswada ulisubiri miaka 35. Toleo la Kiswahili, alilolitafsiri mwenyewe, lilitoka 1980, naye akafariki 1981. Mwandishi wa kanda hii anayeniambia Mkristo hawezi kuandika habari za utasa na waganga "kwa sababu ya ushuhuda", namwambia aanze na mzee wa Ukerewe halafu turudi tuzungumze.

Kuna mpaka, sikatai. Kipimo changu ni kimoja: jambo hili lina kazi gani kwenye sura hii? Kama bila hilo msomaji haelewi umekombolewa kutoka kwenye nini, libaki, hata kama linauma. Kama lipo ili tuone wewe ni jasiri, litoke. Na kama ukilisoma kwa sauti bado unatetemeka, liandike, lifungie kabatini, uje nalo mwakani. Kitabu hakina haraka hiyo. Haraka ni ya kongamano la Desemba, ambako unataka kukizindua.

"Basi ujasiri ni kutaja majina"

Huyu ni mteja wa upande wa pili, na ni hatari kuliko wa kwanza. Anataka kumtaja mchungaji aliyemfukuza, mwaka, mtaa na namba ya simu. Ndugu yangu, aliyetajwa kwa ubaya kwenye kitabu anaweza kukushtaki kwa kukashifu, na mahakamani "nilifunuliwa" haipokelewi kama kielelezo.

Kubadilisha jina peke yake hakutoshi. "Mtumishi mmoja wa Kayenze mwenye pikipiki nyekundu na mguu mbovu": Kayenze nzima imeshamjua. Badilisha mahali, kazi, hata jinsia ikibidi, na useme kwenye dibaji kwamba umebadilisha. La marehemu nalo ni hivyohivyo. Unaandika kwamba mume wako alikufa kwa UKIMWI. Ni kweli, na ni haki yako kusema yako. Lakini watoto wake wako hai, mmoja ana uchumba. Wasomee sura hiyo kwanza, wenyewe, mkiwa mmekaa. Waandishi wangu waliofanya hivyo walirudi na sura bora, kwa sababu watoto walikumbuka mambo ambayo mama aliyasahau.

"Nimepewa na Roho Mtakatifu, usiguse hata nukta"

Sibishani na Roho. Nabishana na "sababu ya kwamba kwa kuwa", ambayo siamini ilitoka juu.

Soma Yeremia 36. Nabii anatamka, Baruku anaandika. Mfalme Yehoyakimu anakata gombo kwa kijembe, kipande baada ya kipande, anatupia motoni. Wanaandika upya, na mwisho wa sura tunaambiwa maneno mengi ya namna ileile yaliongezwa. Kwa lugha ya ofisini kwangu, hilo ni toleo la pili lililoongezwa. Waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa Tertio, anajitaja mwenyewe mwishoni na kusalimia. Luka anaanza Injili yake kwa kusema wengine wamekwisha andika, naye amefuatilia mambo yote kwa usahihi tangu mwanzo ndipo akaandika kwa taratibu. Alichunguza, akapanga. Wewe umeandika kwa wiki mbili za mfungo na hutaki hata koma iguswe?

Nawajua wahariri wanaomwogopa mteja wa aina hii wakaacha kila kitu kilivyo. Wanamchukulia hela bure.

"Namba kubwa, utukufu mkubwa"

"Maelfu kwa maelfu waliokoka viwanja vya Furahisha." Mtumishi, nilikuwepo Furahisha. Ulikuwa mkutano mzuri, mvua ikanyesha siku ya pili, watu wakapungua. Andika hivyo. Luka kwenye ajali ya meli katika Matendo 27 anasema watu walikuwa 276, basi. Paulo kwa Wakorintho anasema hakubatiza mtu ila Krispo na Gayo, kisha anakumbuka nyumba ya Stefana, kisha anakiri hajui kama alibatiza mtu mwingine. Aliyetafuta sifa angeifuta sentensi ya kwanza na kuandika upya vizuri. Paulo aliacha tumwone akikumbuka.

Uponyaji ni vilevile. "Madaktari walishangaa" siipitishi bila kuona cheti cha kabla na cha baada. Kama huna, andika ulichokiona: alikuwa hatembei, leo anauza nyanya sokoni. Inatosha sana.

"Mahubiri yangu yote yapo kwenye simu, wewe chapa tu"

Mahubiri yakichapwa yalivyo yanakuwa hivi: "Mwambie jirani yako, sema jirani, mwambie tena, hamnisikii." Msomaji yuko peke yake kitandani na tochi ya simu. Hana jirani. Tunaweza kupata kitabu kutoka kwenye mahubiri, ila kwa kukiandika.

"Kila aya iwe na mstari wa Biblia, la sivyo si cha Kikristo"

Kitabu cha Esta kwa Kiebrania hakimtaji Mungu hata mara moja (ndugu zangu Wakatoliki wana nyongeza za Kigiriki ambamo anatajwa, najua, msinipigie). Mistari ishirini kwenye ukurasa mmoja mara nyingi ni dalili kwamba mwandishi anaogopa kusema lake. Baki na mmoja, ule uliokushika kweli.

"Kazi ya Mungu haina hakimiliki"

Inayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Sura nzima ya mhubiri wa Marekani iliyotafsiriwa na kuwekewa jina lako ni wizi hata kama imekubariki. Naitambua haraka: ghafla mwandishi wa Misungwi anaanza kuzungumzia theluji na mkopo wa gari la pili. Mnukuu mwenzako kwa ufupi, mtaje, endelea na yako.

"Jalada kwanza"

Nusu ya wanaokuja wana jalada tayari: picha yao na suti, moto nyuma, tai anaruka, namba ya M-Pesa chini. Ndani kurasa kumi na moja. Lete muswada uliochapwa, nafasi mbili kati ya mistari, bila picha, na kwenye karatasi ya pembeni uniandikie jambo moja ambalo usingependa mchungaji wako alisome. Tutaanzia hapo. Sina maana lazima liingie kitabuni; nataka tu tujue wote wawili lipo wapi wakati tunaandika mengine. Jalada tutalizungumza tukifika sura ya mwisho.